Redoni kwenye nyumba yenye uvungu wa udongo: nailoni peke yake haitoshi

Ukinunua nyumba ya zamani huku Iowa, pima redoni kabla hujabadilisha hata kitasa. EPA, shirika la mazingira la Marekani, limeziweka kaunti zote 99 za jimbo hili kwenye kundi la hatari kubwa zaidi. Gesi hii inatokana na urani iliyomo ardhini, haina rangi wala harufu, na kwa kusababisha saratani ya mapafu nchini humu inashika nafasi ya pili baada ya sigara.

Nyumba nyingi ninazoitwa na Waswahili wenzangu hapa Des Moines ni za mbao, zimeinuliwa kidogo, na chini yake kuna uvungu wa udongo mtupu unaoingia kwa kutambaa. Redoni inapitia humo. Majira ya baridi hewa ya moto inapanda na kutokea darini, na nyumba inavuta hewa nyingine kutoka chini.

Kopo la mkaa la kupimia linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Funga madirisha muda wa saa 12 kabla ya kupima, yabaki yamefungwa hadi umalize. Liweke chumba cha chini kabisa mnachokaa, si jikoni wala bafuni, kisha litume maabara bila kuchelewa. Likisoma pikokuri (kipimo cha mionzi ya redoni) 4 kwa lita ya hewa au zaidi, tengeneza. Kati ya 2 na 4 mimi ningetengeneza vilevile, hasa kama kuna anayevuta sigara.

"Fundi, si tutoboe tu matundu ya hewa?" Naulizwa kila mara. Mama, Januari ya huku mabomba yako ya maji yataganda na kupasuka.

Kazi yenyewe ni hii. Ondoa mawe, misumari na vipande vya tofali, ukiwa na barakoa. Ukikuta mabomba yamefungwa kitu cheupe cha zamani kinachomeguka, toka, huenda ni asbesto, madini ya nyuzi yanayoleta saratani. Laza bomba la matundu la inchi 4 katikati ya uvungu, kisha tandaza nailoni nzito juu yake. Unene wa mil 6 (kama milimita 0.15) ndio wa chini kabisa. Mimi naweka nene zaidi, maana fundi wa maji atatambaa humo kesho.

Sasa usiwe na haraka. Vipande vipandane sentimita 30, vibandikwe kwa utepe. Ukutani piga brashi mpaka vumbi liishe, pandisha nailoni sentimita 30, ibandike kwa gundi ya kuzibia na ukandamize kwa ubao mwembamba. Kila nguzo ivishwe kama mtoto anavyofungwa kanga. Wengi wakifika hapa wanaona wamemaliza, kumbe gesi inajikusanya chini ya nailoni na kutafuta upenyo. Lazima ivutwe.

Bomba la PVC liunganishwe na lile la matundu, litoke chini ya nailoni hadi juu ya paa, mdomo wake uwe angalau futi 10 kutoka ardhini na mbali hivyohivyo na madirisha. Feni ya kuvuta gesi ikae darini au nje, kamwe isikae uvunguni wala chumbani. Bomba likishapita feni linasukuma, na ufa mdogo hapo utamwaga redoni nyingi ndani ya nyumba. Sehemu ya bomba iliyolala iiname kurudi chini, maji ya mvuke yasituame.

Feni ikiwaka, washa udi upitishe kwenye viungo vyote vya nailoni. Moshi ukinyonywa, ziba. Angalia pia jiko la gesi la kupasha nyumba, moshi wake usirudishwe ndani, na uwe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Ukimlipa mtu, mwambie akuonyeshe cheti chake cha redoni.

Kwenye bomba weka kigeji cha maji ya rangi: pande mbili zikilingana, feni haivuti. Pima redoni upya feni ikishafanya kazi saa 24, usipitishe siku 30, kopo likae palepale. Baada ya hapo, kila miaka 2.