Kibali cha banda la chakula kwenye tamasha dogo la ukulele (gitaa dogo) Kigoma: anza na vipimo vya afya

Kabla ya barua ya kuomba kibali, kabla ya turubai na mkaa, peleka watu wako wakapimwe. Kosa linalowagharimu wengi ni kupeleka barua kwanza, kupata saini ya mtendaji wa kata, kununua vitu vyote, halafu siku mbili kabla ya tamasha wanagundua kuwa muosha vyombo hana cheti. Afisa afya hakagui banda peke yake. Anakagua na wanaolifanyia kazi, mmoja mmoja.

Apimwe kila anayegusa chakula au chombo: mpishi, mpakuaji, muosha vyombo, hata kijana wa kukata kachumbari. Cheti hudumu miezi sita na ni cha mtu, si cha banda, kwa hiyo huwezi kumpa binamu yako cha mwenzake aliyeugua. Banda likiwa na watu wanne, pima watano ili uwe na wa akiba. Fikeni kituo cha afya cha serikali asubuhi na mapema, na sampuli ya choo iwe ya asubuhi hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka dirishani soma majina: cheti kikisema Asha na kitambulisho cha NIDA kikisema Aisha, utarudishwa, na kurekebisha kunakula siku nzima. Atakayekutwa na homa ya matumbo au minyoo atibiwe na apimwe tena, hivyo jipe wiki tatu. Usilione hili kama usumbufu. Mwaka 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika hili hili, na watu walikufa.

Vipimo vikiwa vinaendelea, mwombe mwandaaji barua inayotaja tarehe, eneo, na kwamba umepewa nafasi. Kibali cha polisi na cha afisa utamaduni ni kazi yake, lakini omba nakala, maana tamasha likikosa kibali, chako hakina pa kusimama.

Barua yako ielekee kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, kupitia mtendaji wa kata. Kata gani? Ile ambako tamasha litafanyika, si unakoishi. Mkazi wa Mwanga anayepikia Kibirizi apitie Kibirizi. Andika siku na saa za kuuza, idadi ya wahudumu, vyakula, aina ya moto, maji yatatoka wapi na taka zitakwenda wapi. Ambatanisha vyeti, nakala za vitambulisho na TIN (namba ya mlipa kodi), ambayo TRA hutoa bure. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Mwenye mgahawa wenye leseni aambatanishe leseni, lakini bado aombe kibali cha muda kwa eneo jipya.

Kwenye orodha ya vyakula kuna mtego. Matamasha ya nje huja kiangazi, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukiandika migebuka wabichi peke yao, ziwa likafungwa ukahamia kuku, umebadilisha ulichokiombea: kuku anahitaji ubaridi na namna nyingine ya kumwandaa. Andika vyakula viwili tangu mwanzo, kwa mfano migebuka, au dagaa wakavu wa mawese na ugali wa muhogo. Dagaa wakavu ununue mapema, bei haijapanda.

Malipo ya kibali ni kwa namba ya malipo ya serikali (control number) tu. Ina tarehe ya mwisho, kwa hiyo iombe siku unayoweza kulipa, na utunze risiti.

Kwenye ukaguzi, mabanda mengi hushindwa upande wa maji. Fanya hesabu. Watu 150 wanaokula ugali kwa mkono hunawa kabla na baada, yaani mara 300. Kwa nusu lita kila mara ni lita 150, karibu madumu manane ya lita 20, na hapo hujaosha sahani hata moja. Weka ndoo mbili zenye koki, sabuni, na beseni la kupokea maji machafu. Vyombo viwe na beseni tatu: la kuosha, la kusuuza, na la maji safi ya mwisho.

Kwenye tamasha la ukulele kunawa baada ya kula kuna uzito wa pili. Mawese yakibaki vidoleni, nyuzi za nailoni zinateleza na mbao ya shingo inashika doa. Weka ndoo moja upande wa kutokea, na maji yake yawe ya vuguvugu, kwa sababu mawese hayatoki vizuri kwa maji baridi. Ukulele ni ala ya sauti ndogo, nyuzi nne tu, mara nyingi bila spika. Omba nafasi mbali na jukwaa, upande ambao upepo hautapeleka moshi wa kukaangia kwa wapigaji, na tumia taa za sola badala ya jenereta. Wanaojifunza kwa vikundi hupumzika kwa pamoja, kwa hiyo watakujia wote kwa mkupuo. Mpakuaji mmoja hatoshi, weka wawili, na ugali uwe umeiva dakika kumi kabla ya mapumziko, sio saa mbili.

Mtungi wa gesi ukae nje ya turubai, na karibu na karai pawe na ndoo ya mchanga. Mafuta yakiwaka usimwage maji, yanarusha moto. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo funga vitafunwa kwa karatasi. Kama eneo ni ufukweni, jiko, majivu na maji machafu yakae zaidi ya mita 60 kutoka ziwani, na mafuta yaliyotumika uondoke nayo kwenye dumu.

Asubuhi ya tamasha bandika kibali na vyeti mbele ya banda, ndani ya karatasi ya nailoni. Afisa akija saa ya mkupuo, atasoma mwenyewe na wewe utaendelea kupakua.