Namna ya kudai kodi iliyopotea wakati nyumba ya kupangisha inarekebishwa kasoro za ujenzi

Masika yaliyopita mpangaji wangu wa ghorofa ya chini huko Nyegezi, Mwanza, aliniita nitazame dari ya chumba chake cha kulala. Doa ambalo wiki mbili kabla lilikuwa na ukubwa wa sahani lilikuwa limefika ukutani, na nilipoligusa kwa kidole plasta ilibonyea, kisha ikamwagikia godoro. Tulipovunja sakafu ya bafu la juu tulikuta bomba la maji machafu limeungwa bila gundi na slabu haikupakwa dawa ya kuzuia maji. Mkandarasi alikubali kurudia kazi yake. Alichokikataa ni kodi ya miezi ambayo nyumba ilikaa tupu. Hatimaye nililipwa sehemu kubwa ya kodi hiyo, na ile niliyoikosa niliikosa kwa sababu ya karatasi nisizokuwa nazo. Ndiyo maana nawaandikia wenye nyumba wenzangu.

Msingi wa dai hili ni Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo katika kifungu cha 73 inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mwenendo wa kawaida wa mambo, au ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali na isiyo ya moja kwa moja haifidiwi. Kwa hiyo mkataba wa ujenzi au wa ukarabati uandikwe wazi kwamba nyumba ni ya kupangisha, ukitaja na kiwango cha kodi, ili mkandarasi asiweze kusema baadaye kwamba alidhani unajenga makazi yako mwenyewe. Mkiweka pia kiasi cha fidia kwa kila siku ya ucheleweshaji, kifungu cha 74 kitakusaidia, ingawa mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi mlichotaja.

Kabla mpangaji hajahamisha hata kiti, mlete mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aandike ripoti yenye tarehe, picha na mambo matatu: kasoro ni nini, imesababishwa na nini, na kwa nini chumba au nyumba nzima haiwezi kukaliwa wakati wa matengenezo. Jambo la tatu ndilo wengi wanalolisahau. Ripoti yangu ilieleza bomba na slabu kwa ufasaha, lakini haikusema kwamba ghorofa ya chini lazima iwe tupu, na mkandarasi akashikilia hapo hapo kwamba mpangaji aliondoka kwa hiari yake.

Mpangaji naye ana haki zake, na kumtendea vizuri kunakujengea ushahidi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na mifereji mikuu, kwa hiyo usimwambie avumilie. Huku kwetu wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi mitatu au sita mbele. Mrudishie kodi ya muda ambao hataishi humo, mwandikishane makubaliano mafupi yanayotaja tarehe ya kuondoka na sababu yake, na fedha zipite benki au kwenye simu ili taarifa ya miamala ibaki. Ukimrudishia mkononi bila sahihi, itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba fedha hizo zilitoka mfukoni mwako.

Angalia pia mkataba wako wa pango. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kupingwa usipokelewe kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe, na ni afadhali uulipe mapema TRA kuliko kuhangaika siku ya kusikilizwa. Jumbe za WhatsApp nazo zihifadhiwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo, lakini usifute mazungumzo wala kubadilisha simu kabla ya kuyahifadhi yote.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwa miaka mingi kwamba hasara mahususi, yaani ile inayohesabika kwa shilingi, lazima itajwe bayana kwenye madai na ithibitishwe kikamilifu. Kusema "nimepoteza kama milioni mbili hivi" hakutoshi. Tuchukue nyumba ya shilingi 450,000 kwa mwezi, sawa na 15,000 kwa siku ukigawa kwa siku 30. Mpangaji aliondoka tarehe 1 Aprili na kazi ikakabidhiwa tarehe 10 Juni, yaani miezi miwili na siku kumi: 900,000 jumlisha 150,000, sawa na 1,050,000. Kwenye daftari la kazi za kila siku inaonekana kazi ilisimama siku 12 kwa sababu mwenye nyumba alikuwa hajachagua marumaru. Siku hizo ni zake, hivyo toa 180,000. Gharama alizookoa nyumba ikiwa tupu, tuseme 40,000 za usafi wa ngazi na kuzoa taka, nazo zitolewe. Dai safi la kodi linabaki 830,000. Ada ya dalali wa kutafuta mpangaji mpya, pamoja na siku za kumsubiri baada ya makabidhiano, ziandikwe kwenye mistari yake peke yake, kila mmoja na risiti au maelezo yake, ili mstari mmoja ukipingwa usiuangushe mwingine.

Daftari hilo ni la lazima. Kila siku andika waliofika kazini, walichofanya, mvua ilinyesha saa ngapi na nani alichelewesha vifaa. Masika ya Mwanza yanaweza kusimamisha kazi ya nje kwa siku kadhaa, na mkandarasi atayataja. Lakini mvua haizuii kazi ya bomba la ndani ya bafu, na daftari litaonyesha hivyo. Jizuie kuunganisha ukarabati wa kasoro na maboresho yako. Ukipanua jiko katika miezi hiyo hiyo, umempa mtu sababu ya kusema nyumba ilikuwa tupu kwa ajili ya jiko.

Kifungu cha 73 kinazingatia pia njia ulizokuwa nazo za kupunguza hasara. Kama chumba kimoja tu kinavuja, jadili na mpangaji kodi pungufu badala ya kumwondoa, na umjulishe dalali wiki mbili kabla ya kazi kwisha.

Bima ya moto ya kawaida mara nyingi haigusi kazi mbovu ya fundi, na fidia ya kodi huwa nyongeza inayoombwa mahususi, kwa hiyo soma hati yako kabla ya kuitegemea. Kama jengo lina wamiliki wengi chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo na kasoro iko kwenye paa au kuta za pamoja, barua ya kwanza iende kwa chama cha wamiliki, kwa kuwa ndicho kinachosimamia sehemu za pamoja.

Kwa mkandarasi, peleka barua ya madai yenye jedwali la hesabu na viambatisho, mpe siku 14, na upate sahihi ya mpokeaji kwenye nakala yako. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inaweza kupokea malalamiko juu ya mwenendo wake, ila kodi yako utaipata kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita na la uzembe miaka mitatu. Usisubiri hata mwaka mmoja, kwani mafundi huhama. Kama bado unashikilia fedha za kipindi cha matazamio, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi inayozuiwa hadi muda wa kutazama kasoro uishe, usiziachilie kabla hamjamaliza hesabu. Na siku mkandarasi atakapokuletea hati ya kukamilika kwa matengenezo, isome hadi mstari wa mwisho: ikisema huna dai jingine lolote dhidi yake, kata maneno hayo, andika kwamba dai la kodi linabaki, kisha wote wawili mtie sahihi pembeni ya marekebisho hayo.