Laptopu ya GB 2 usiitupe: kuweka Lubuntu hatua kwa hatua

Wiki iliyopita binti wa jirani hapa Kimara aliniletea HP Stream 11 ya mtumba kutoka Kariakoo. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2, hifadhi GB 32. Windows ilikuwa imemeza karibu hifadhi yote, na kila ikijaribu kujisasisha inakosa nafasi. Barua moja ya maombi ya kazi ilichukua dakika nne kufunguka. Leo anaandikia ripoti yake ya fildi kwenye mashine ileile. Laptopu kama hizi zimejaa makabatini, wenyewe wameambiwa zimekufa. Hazijafa, zimebebeshwa mzigo usio wao. Tena Windows 10 iliachwa na walioitengeneza tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwanza jua una nini. RAM GB 2, weka Lubuntu, mfumo mwepesi wa kuendesha kompyuta unaochukua nafasi ya Windows. GB 4, chukua Linux Mint, toleo lake jepesi la Xfce. GB 1, au prosesa ya biti 32 kama Atom N270 ya mwaka 2008, nenda antiX. Zote tatu ni mifumo ya bure.

Hatua ya 1. Hamisha picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili mawili matatu uone kama yanasomeka. Usiruke hapa, tafadhali. Nimeona mtu akilia kwa picha za marehemu mama yake.

Hatua ya 2. Pakua faili la ISO, lenye mfumo mzima ndani yake, kwenye tovuti ya Lubuntu yenyewe. Ni GB 3 hivi, kwa hiyo subiri bando la usiku. Likimaliza, linganisha namba yake ya SHA256 (kama alama ya kidole ya faili) na iliyoandikwa kwenye tovuti. Mtandao ukikatika katikati, faili huweza kuharibika bila kukwambia.

Hatua ya 3. Kwenye kompyuta yenye Windows, tumia programu ya Rufus kuliandika faili hilo kwenye flashi ya GB 8. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika.

Hatua ya 4. Zima laptopu, chomeka flashi, washa. HP: gonga Esc mfululizo, kisha F9. Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwenye orodha itakayotokea, chagua flashi.

Hatua ya 5. Chagua kujaribu, usiweke bado. Mfumo utawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapa kaa hata nusu saa. Unganisha Wi-Fi, cheza wimbo, washa kamera, punguza mwanga, funga kifuniko halafu kifungue uone kama inaamka. Ile HP ilikubali vyote isipokuwa sauti, iliyokuja baada ya kusasisha. Ni heri ujue kasoro sasa, kabla hujafuta chochote.

Hatua ya 6. Ukiridhika, bofya kuweka, chagua kufuta diski yote, na kwenye ramani ya saa chagua Dar es Salaam. Chaja iwe imechomekwa. Betri za mtumba haziaminiki na umeme wetu mnaujua.

Hatua ya 7. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika:

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`
`sudo apt install zram-config`

Hiyo zram inabana data ndani ya RAM, kama unavyokandamiza nguo kwenye begi la safari. Kwa GB 2 utaona tofauti. Ila kivinjari bado ndicho mlaji mkubwa, fungua tabo tatu nne, basi.

Maswali

*Kaka, asante kwa somo. Mimi natumia Word, nitafanyaje?*

Dada, kuna LibreOffice, inafungua mafaili ya Word. Ni tawi la ile OpenOffice ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice. Ukienda kuchapa steshenari, peleka PDF, la sivyo mistari itahama kwa sababu fonti za kule si zako.

*Mkuu, yangu Wi-Fi haionekani kabisa. Nimekwama.*

Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti, laptopu itapata mtandao. Kisha andika `lspci` kwenye terminali utazame jina la kadi ya Wi-Fi. Ukiona Broadcom, andika `sudo apt install bcmwl-kernel-source`, washa upya.

*Shikamoo. Naweza kuacha Windows humohumo?*

Marahaba. Kwenye GB 32 hapana, vyote viwili vitabanana. Kama diski yako ni GB 120 na kuendelea, inawezekana: kwenye hatua ya 6 chagua kuweka pembeni badala ya kufuta, na Lubuntu uipe GB 40.