Namna ya kubishana zile stori za "ingekuwaje kama" na zikaeleweka

Hapa Kisumu kubishana historia hakuhitaji mwaliko. Kaa tu kwa baze yoyote (kijiwe cha watu kupiga stori) kule Kondele, kabla chai iishe ashatokea mtu wa kuuliza ingekuwaje kama Jaramogi Oginga Odinga, mwanasiasa wa chama cha KANU, angekubali kuunda serikali 1961, na hapo masaa mawili yameenda. Mimi nazipenda hizi stori sana, hakuna kitu kinamrudisha mtu mzima kwa historia yake haraka hivi, lakini mara nyingi zinaharibika juu kila mtu anakuja na jibu analolitaka halafu ndio anatafuta njia ya kulifikia. Kwa hivyo wacha niandike venye zinafaa kufanywa, anayetaka ajaribu na watu wake.

Badilisha kitu kimoja tu, na ukitaje na mwaka wake kabla hujasema mengine. Ukiuliza "ingekuwaje kama Waafrika wangeungana" hakuna mahali pa kushika, kila mtu atabishana na swali lake kichwani. Taja tarehe, taja uamuzi, taja nani aliamua.

Halafu uliza kwa nini hicho kitu kilitokea venye kilitokea. Hapa ndipo watu wengi wanaruka na ndio penye utamu wote. Chukua mpaka wa 1902. Kabla ya hapo Kisumu, Nakuru hadi Naivasha zilikuwa ndani ya Uganda, mkoa wa mashariki, na Aprili 1902 Waingereza wakazihamishia Himaya ya Afrika Mashariki, ile ambayo baadaye ikawa Kenya. Mtu anasema basi tuseme hawakuhamisha, tungekuwa Waganda leo. Sawa, lakini walihamisha kwa nini? Reli ilianza Mombasa 1896 ikafika ziwani hapa Desemba 1901, na walitaka reli nzima iwe chini ya utawala mmoja. Sasa huwezi kuacha mpaka pale ulipokuwa halafu reli uiache vile vile kama haina neno. Lazima uguse ile sababu: ama reli imechelewa miaka kadhaa, ama London imeona bora Uganda na jirani yake ziunganishwe ziwe koloni moja, na hizo ni stori mbili tofauti kabisa, ya pili hata mpaka wenyewe haina.

Tuseme reli imechelewa. Twende pole pole sasa, hatua moja moja, usiruke kutoka 1902 mpaka nani ni rais leo. Ardhi ya Nakuru inakuwa ya nani? Kwetu sisi Lord Delamere, mlowezi Mwingereza, alipewa eka 100,000 kule Njoro 1903, na walowezi wengine wakafuata. Uganda ilikuwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, uliowapa kabaka na machifu wake ardhi, na baadaye uchumi wake ukabebwa na pamba ya wakulima wadogo, kwa hivyo mmoja atasema Bonde la Ufa lingebaki mikononi mwa wenyewe. Mwingine atajibu kwamba reli iligharimu Uingereza zaidi ya pauni milioni 5, lazima mizigo ipatikane ya kuilipa, na baridi ya Njoro ingevutia walowezi hata kama amri inatoka Entebbe. Hapo sasa kuna mjadala, juu mnabishana kama ni gavana aliyeleta walowezi ama ni deni la reli, na hilo ni swali unaweza kulifungulia kitabu. Mtu akileta Idi Amin, mtawala wa Uganda, kwamba Februari 1976 alidai hizi sehemu ni zake, mkumbushe pia kwamba mizigo mingi ya Amin ilikuwa inapita Mombasa, ramani peke yake haikumsaidia.

Kubalianeni mapema pia kuhusu watu. Jaramogi alizaliwa karibu 1911. Ukibadilisha 1902, je, yeye bado yupo? Kuna wanaosema wazazi wake wangekutana tu, kuna wanaosema mtu yeyote aliyezaliwa baadaye umfute. Mimi naona muwaache watu waliozaliwa ndani ya miaka kumi hivi baada ya badiliko lenu na wengine wote mseme "kiongozi fulani", lakini mkichagua njia msiibadilishe katikati kwa sababu mtu wako anapoteza.

Kwa vita, kabla ya kuhesabu bunduki uliza nani anabeba na wanakula nini. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, wakapigana na KAR (jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) tarehe 12, wakarudi kwao. Utasikia "wangesonga tu mpaka Kisumu wangechukua reli." Wangefika vipi? Ziwani Waingereza walikuwa na meli kadhaa na bandari yao ni hapa, Mjerumani alikuwa na kimeli kinaitwa Muansa. Kwa nchi kavu kila risasi na kila gunia la unga linapanda kichwani mwa mtu. Na hao wabebaji muwataje, tafadhali. Kwenye ile vita wapagazi wengi walikufa na wengi waliuawa na kuhara na homa kuliko risasi, na kwa hizi pande zetu ni babu za watu waliokaa hapo kwa benchi. Mjadala wa vita unaowasahau ni mjadala mbaya hata kama tarehe zote ziko sawa.

Kuhusu rasilmali sina mengi. Huwezi kuhamisha dhahabu, unaweza kuhamisha mwaka ambao watu waliijua. Dhahabu ya Kakamega ilivuma kuanzia 1931, na 1932 serikali ikabadilisha sheria ya ardhi za wenyeji ili wachimbaji wapite. Ukisema ingekuwa kubwa kama ya Johannesburg unabishana na mwamba. Sema iligunduliwa 1901 reli inapokaribia, ama 1962 uhuru ukikaribia, uone nani angekuwa na nguvu ya kukataa.

Siasa ndio moto. Ile ya 1961 ni nzuri kwa sababu nafasi ilikuwepo kweli: KANU ilishinda viti vingi, ikakataa serikali mpaka Kenyatta aachiliwe, chama pinzani KADU cha Ngala kikaingia. Uamuzi kama huo, ambao watu wenyewe waliukalia wakaupima, unazidi ule wa kutunga. Lakini ukifika 1969, Tom Mboya alipouawa Julai na watu walipopigwa risasi hapa Kisumu Oktoba siku ya kufungua hospitali ya Russia, punguza sauti. Kuna mtu hapo aliyezika. Usitumie marehemu kupata pointi, na mzee akisema hiyo tuiache, iacheni.

Wekeni mtu mmoja asiyebishana, kazi yake kuuliza "hiyo umeitoa wapi" na kusimamisha anayerukia. Anayebadilisha msimamo kwa sababu ameonyeshwa ushahidi apigiwe makofi kuliko aliyeshikilia.

Mkikosa pa kuanzia jaribuni ile ya 1903, Waingereza walipowapa Wazayuni (Wayahudi waliotafuta nchi yao) nafasi ya kuishi Uasin Gishu na 1905 kongamano lao likakataa. Ingekuwaje kama wangekubali? Kabla hamjafika Eldoret kwa maneno, someni kwanza Wanandi walikuwa wanafanya nini miaka hiyo hiyo, juu Koitalel, kiongozi wao, aliuawa Oktoba 1905 na mpaka siku hiyo reli ilikuwa haipiti kwao kwa amani.