Jinsi ya Kuepuka Pambizo Nyeupe Unapochapa Kazi Iliyosanifiwa

Jalada ambalo rangi yake ilijaa hadi ukingoni kwenye skrini mara nyingi hutoka kwenye printa likiwa limezungukwa na fremu nyeupe ambayo msanifu hakuichora. Kabla ya kugusa faili, itazame kwanza karatasi yenyewe, kwa sababu umbo la weupe huo hueleza ulikotoka. Pambizo ikiwa ya milimita chache pande zote nne na kazi imemegwa kidogo ukingoni, printa ndiyo iliyoshindwa kufika. Kazi ikiwa nzima lakini imepungua ukubwa, mpangilio wa kuchapa ndio ulioisinyaza. Weupe mpana wa pande mbili zinazotazamana huonyesha kwamba uwiano wa ukurasa na ule wa karatasi haulingani, na uzi mwembamba wa weupe kwenye upande mmoja wa karatasi iliyokwisha kukatwa ni dalili ya faili isiyo na ziada ya kukatwa, yaani rangi inayopitishwa nje ya mstari wa kukatia. Ukiwa na shaka, chora katika faili mstari wa milimita 100 na uupime kwa rula baada ya kuchapa: ukipata milimita 96, basi ukurasa wote umechapwa kwa asilimia 96.

Tatizo la kusinyaa ndilo jepesi kuliko yote. Programu nyingi za kusomea PDF huutosheza ukurasa ndani ya eneo linalochapika pasipo kukuuliza, nawe unapaswa kubadilisha chaguo hilo liwe la ukubwa halisi, yaani asilimia 100, kisha uhakikishe kwamba karatasi iliyotajwa katika programu, iliyotajwa katika mipangilio ya printa na iliyomo kwenye trei ni ya kipimo kimoja. Ni rahisi kuchanganya A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, na karatasi ya Letter inayotumika Marekani, ambayo ni takriban milimita 216 kwa 279. A4 ikitoshezwa ndani ya Letter hupungua hadi asilimia 94 hivi na kuacha takriban milimita 9 za weupe kushoto na kulia, hata kama printa ingeweza kufika ukingoni. Slaidi za uwiano wa 16:9 zina shida ya namna hiyo hiyo, kwani zikichapwa kwenye A4 iliyolazwa huacha zaidi ya milimita 21 juu na chini. Hapo hakuna mpangilio wa printa utakaosaidia, na ukurasa hauna budi kusanifiwa upya kwa kipimo cha karatasi.

Printa nyingi za ofisini na za nyumbani hazichapi hadi ukingoni kwa sababu rola zinahitaji mahali pa kuikamatia karatasi, na katika printa za leza, tona (wino wa unga) inayoangukia nje ya karatasi huchafua sehemu za ndani za mashine. Eneo hilo lisilochapika kwa kawaida ni la milimita 3 hadi 6, na katika baadhi ya printa za wino huwa pana zaidi upande wa chini. Baadhi ya printa za wino zina chaguo la kuchapa bila pambizo. Likiwashwa, printa huikuza picha kidogo na kurusha wino hadi nje ya karatasi, ambako hunyonywa na sponji iliyomo ndani ya mashine. Kwa picha ya kutundikwa ukutani chaguo hilo linatosha. Kwa kijitabu cha kurasa nyingi silipendekezi, kwani ukuzaji huo humega kilicho karibu na ukingo, na mara nyingi printa hailiruhusu pamoja na kuchapa pande mbili.

Njia ya kutegemewa, ambayo ndiyo inayotumiwa na viwanda vya uchapaji, ni kuchapa kwenye karatasi kubwa kuliko kazi na kisha kuikata. Karatasi husogea kidogo inapopita mashinini, na rundo zima husogea tena chini ya kisu, kwa hiyo rangi ikiishia sawasawa kwenye mstari wa kukatia, hata kosa la nusu milimita hufichua weupe. Ndiyo sababu rangi na picha za mandharinyuma hupitishwa milimita 3 nje ya mstari huo kila upande, na hivyo faili ya A4 huwa ya milimita 216 kwa 303, na ya A5 huwa ya 154 kwa 216. Maandishi na nembo, kwa upande wao, vikae angalau milimita 5 ndani ya mstari. Fremu nyembamba inayofuata ukingo wa ukurasa ni ya kuepukwa kabisa, ijapokuwa wateja huipenda: kosa la kukata ambalo lingepita bila kuonekana juu ya rangi tupu hujitangaza pale nafasi kati ya fremu na ukingo inapokuwa pana upande mmoja na finyu upande wa pili.

Ni bora ziada hii iwekwe tangu ukurasa unapofunguliwa. Kama kazi imekwisha, ikuze picha ya mandharinyuma peke yake hadi asilimia 103, kiasi kinachotosha kwa A4, bila kuyagusa maandishi. Katika InDesign, programu ya kusanifia kurasa, ziada iliyowekwa vizuri bado huachwa nje ikiwa hukuichagua wakati wa kutoa PDF, na katika Canva, huduma ya kusanifia mtandaoni, ni lazima uombe alama za kukatia pamoja na ziada unapopakua PDF ya kuchapa. Microsoft Word haina mpangilio wa ziada. Weka mwenyewe ukurasa wa milimita 216 kwa 303 na uongeze milimita 3 kwenye kila pambizo ya maandishi. Kumbuka pia kwamba rangi ya ukurasa katika Word haichapwi mpaka uwashe chaguo la kuchapa rangi za mandharinyuma.

Karatasi ya SRA3, yenye milimita 320 kwa 450, hubeba A4 mbili zilizopangwa kando kwa kando pamoja na ziada zake. Mwenye printa ya A4 pekee anaweza kuchapa A5 katikati ya karatasi na kuikata kwa rula ya chuma na kisu kikali, akifuata alama za kukatia. Kama kazi lazima ibaki A4 kamili na karatasi kubwa haipatikani, basi isanifiwe ikiwa na pambizo nyeupe ya makusudi ya milimita 10 au zaidi pande zote.