Somo: Kupandisha boti kuukuu ya mbao kwa matengenezo, diko la Sahare, Tanga

Boti nyingi za zamani huumia siku ya kupandishwa, pale mkuku, ule mti mkubwa wa chini ya boti, unapogusa mchanga na maji yanaanza kuuacha ubavu. Nitakaa zaidi hapo. Yangu ni ya futi 24, injini ya dizeli ya ndani.

Siku. Angalia mwezi kwanza. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku Tanga hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, kisha kila siku husogea mbele kiasi cha dakika 50. Mimi hungoja siku 3 hivi baada ya mwezi kuandama: maji hujaa kunapambazuka, unapata mchana mzima wa kazi, na yanayofuata yanapungua, hayakufuati juu. Wiki 2 baadaye bamvua jingine linakuja kuichukua. Usipandishe kwenye kilele cha bamvua kubwa la Machi au Septemba. Utakwama, ya kawaida hayafiki pale.

Uzito. Toa betri, nanga, minyororo. Lita 100 za dizeli ni kilo 85 hivi, zitoe. Fua maji yote ya ngama, chini kabisa ndani ya boti.

Kuvuta. Panga magogo ya mnazi juu ya mbao nene, mchanga wa Sahare ni laini. Kamba isifungwe kwenye vishikio vya sitahani, vitang'oka na ubao wake. Zungushia mkanda mpana boti nzima kwa chini, ndipo ufunge cheni bloku, winchi ya mnyororo ya kuvuta kwa mkono. Kamba nene ya katani naipenda kuliko nailoni: nailoni hunyumbuka, ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mguu. Asisimame mtu kwenye mstari wa kamba, hata mwenye cheni akae pembeni.

Gadi. Uzito wote ukae kwenye mkuku; gadi, yaani miti ya kuegemeza ubavuni, kazi yake ni kuzuia boti isilale. Kila gadi ikae juu ya taruma, yaani ubavu wa mti ulio ndani ya boti, na kipande cha ubao kati yake na bodi. Mara ya kwanza nilikita moja katikati ya mataruma mawili. Saa 3 asubuhi nikasikia mbao inalia, nikainama kutazama, ufa ukafunguka mbele ya macho yangu, urefu wa kiganja. Tafuta mataruma kutokea ndani, utie alama ya chokaa nje, kabla maji hayajapwa.

Ikishakauka. Fungua kizibo cha chini. Kwangua vigamba na mwani vikiwa bado vibichi, vikikauka vinang'ang'ania. Suuza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kisha funika ubavu kwa magunia yaliyoloweshwa, upande wa jua hasa. Badili zinki, kile kipande kinacholika badala ya vyuma vya boti, ikiwa imelika nusu, na usiipake rangi, ikipakwa haifanyi kazi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Niko Bagamoyo, ufuo wetu ni tambarare, maji hupwa mbali sana. Nitaivutaje?*
Marahaba mwanangu. Usivute umbali wote. Ilete na maji mpaka yanapoishia, ipwelee hapo kwenye magogo uliyokwisha kupanga, kisha malizia kwa cheni bloku.

*Kaka, naweza kupaka deheni badala ya rangi ya dukani?*
Deheni, yaani shahamu na chokaa, imelinda vyombo vyetu miaka mingi, na kwenye mashua naiheshimu. Ila huisha upesi, na boti ya injini huipandishi kila mara. Tumia rangi ya kuzuia mwani.

*Kalafati nigonge pamba mpaka ijae kabisa?*
Hapana. Pamba ya kuziba mianya ya mbao iachie nafasi, mbao itavimba. Ukijaza ikiwa kavu, ikirudi majini itasukuma parafujo nje.

*Mzee wangu, nimeshusha jana, inavuja. Nimekosea?*
La. Mbao iliyokauka huvuja siku moja au mbili mpaka ivimbe. Lala nayo na pampu yenye betri nyingine ya akiba. Siku ya tatu ukiwa bado unafua kila saa, irudishe juu kabla bamvua halijakwisha.