Jinsi ya kumpima diwani wako kwa mkopo wa asilimia 10

Mkazi wa Pasua au Majengo, hapa Moshi, hana haja ya kusubiri kampeni ili ajue kama viongozi wanapunguza pengo la walionacho na wasionacho. Halmashauri inatakiwa kisheria itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Anza na taarifa ya mapato na matumizi. Chukua kilichokusanywa kweli, si makisio ya bajeti. Ondoa ruzuku ya Serikali Kuu na makusanyo yaliyofungiwa matumizi maalumu. Tuseme imebaki bilioni 3: mfuko wa mikopo hiyo udai milioni 300, yaani 120, 120 na 60.

Wengi hukwama kwenye marejesho. Fedha iliyorudishwa na vikundi hukopeshwa upya, lakini si sehemu ya asilimia 10 ya mwaka huu. Zikichanganywa, hesabu inapendeza na mama ntilie hapati kitu. Kwa hiyo uliza hesabu mbili, kila moja peke yake: asilimia 10 ya mwaka huu, na marejesho.

Kisha nenda Baraza la Madiwani, hukaa kila robo mwaka. Wananchi huruhusiwa kusikiliza. Swali mpe diwani mapema, kwa maandishi.